Kutoa mimba Tanzania na Kenya: sheria inaruhusu wapi, inakataza wapi, na dini zinasema nini hasa?

Mwl_Horohoro

Habari za jioni, wakuu. Kuna mdahalo wa vijana unaandaliwa huku mpakani. Washiriki wanatoka Tanga na Kwale, Wakristo na Waislamu, umri miaka 17 hadi 22, na mada ni kutoa mimba. Kila unayemuuliza ana jibu lake. Huyu anasema Kenya imeruhusu tangu katiba ya 2010. Yule anasema Tanzania ni kosa hata mama akiwa anakata roho. Mwingine anasema Uislamu unaruhusu mpaka siku 120. Nahisi yote matatu yana kasoro, ila vifungu sina.

Naomba wenye ujuzi: nani anaamua kwamba hali ya mama inaruhusu? Aliyebakwa anasimama wapi? Mwanamke akifika hospitali anavuja damu, mhudumu amtibu kwanza au aite polisi kwanza? Na Kanisa na fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu) zinasema nini, kwa maneno yao wenyewe na siyo ya kijiweni? Tafadhali tusitukanane, majibu haya yatasomwa na watoto wa watu.

wakili_pwani

Mwalimu, nitajibu upande wa Kenya. Wa Tanzania nawaachia wenyewe.

Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 ina vijisehemu vinne, na watu wengi hupotea kwa kuokota kimoja na kuacha vingine. Cha kwanza kinampa kila mtu haki ya kuishi. Cha pili kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Cha nne ndicho chenye mvutano: kuavya mimba hakuruhusiwi, ila pale ambapo mtaalamu wa afya aliyehitimu ataona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kanuni ni katazo, ruhusa ni ya hali maalum. Lakini tazama hilo neno "afya". Halikuwekwa kwa bahati. Makanisa mengi yalipiga kampeni ya "La" kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 kwa sababu ya kijisehemu hicho, pamoja na suala la mahakama za kadhi, na Wakenya wakapitisha wakijua.

Anayeamua siyo hakimu, siyo polisi, wala mume. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, inamtaja: daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, awe amefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito na awe na leseni hai. Masharti hayo yote kwa pamoja. Mwenye duka la dawa hamo, hata awe na uzoefu wa miaka 20. Katiba haikuweka kikomo cha wiki wala haikudai saini za wataalamu wawili. Maoni ya mmoja yanatosha, lakini yawe maoni ya kweli yaliyotokana na kumpima mgonjwa, na yaandikwe siku ile ile. Maoni yanayoandikwa baada ya askari kugonga mlango hayamsaidii mtu.

Sasa, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ingali hai. Kifungu cha 158 kinampa anayeavya mwenzake kifungo cha hadi miaka 14, na kinasema wazi "awe mjamzito au asiwe". Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Cha 160 kinampa anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika vibaya hadi miaka 3. Vyote vitatu vina neno moja lenye uzito kuliko adhabu zenyewe: "kinyume cha sheria". Neno hilo lina maana kwamba ipo hali isiyokuwa kinyume cha sheria, na tangu 2010 hali hiyo inaelezwa na Ibara ya 26(4). Kesi nyingi huharibika hapa. Askari anakamata kwa kifungu cha 158, anabeba faili na vifaa, na hakuna aliyeuliza mgonjwa alikuja na hali gani na mhudumu aliona nini.

Historia fupi, kwa sababu vijana wa Kwale watasikia kuihusu. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo vya uavyaji usio salama. Desemba 2013 ikauondoa, na mapema 2014 ikakataza wahudumu kupewa mafunzo. Pengo hilo ndilo lililofika Mahakama Kuu kupitia chama cha mawakili wanawake, FIDA, na kisa cha msichana aliyebakwa akiwa na miaka 14, akaavya kwa mtu asiye na ujuzi, figo zikaharibika, akafariki 2018. Juni 2019 majaji watano waliamua kuondolewa kwa mwongozo kulikiuka haki, wakaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3. Kuhusu ubakaji walisema hivi: mimba ya ubakaji inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu ataona inahatarisha uhai au afya ya mama, ikiwemo afya ya akili. Ubakaji peke yake, bila maoni ya mtaalamu, hawakuufanya kuwa tiketi. Wala hawakufuta vifungu vya 158 hadi 160.

Ipo pia hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya Machi 2022, iliyokwenda mbali zaidi. Ilikatiwa rufaa, kwa hiyo msiijengee mdahalo kabla ya kuangalia rufaa imefikia wapi.

Sura_ya_16

Mimi nachukua Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, msiichanganye.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 150, 151 na 152 ni ndugu wa damu wa vile vya Kenya: miaka 14, miaka 7, miaka 3. Mama yao ni mmoja, sheria ya Uingereza ya 1861. (Namba nazotaja ni za toleo lililozoeleka. Angalieni toleo mlilonalo, urekebu wa sheria hubadilisha namba.) Neno "isivyo halali" limo humo pia. Tofauti ni kwamba Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 14, inatoa haki ya kuishi lakini haisemi uhai unaanza lini, na haina kijisehemu cha ruhusa kama cha Kenya. Ruhusa yetu imejificha kwenye kifungu cha 230: mtu hana kosa la jinai akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi unaostahili, juu ya mtoto aliye tumboni ili kuokoa uhai wa mama, kama upasuaji huo ulikuwa wa busara kwa hali ya mgonjwa wakati ule.

Kwa hiyo yule anayesema Tanzania ni kosa hata mama akiwa anakufa, mwambieni afungue kifungu cha 230. Ila na ninyi msikinyooshe kupita urefu wake. Kinasema "uhai", hakisemi "afya". Kinasema "upasuaji", na kiliandikwa kabla vidonge havijakuwepo, kwa hiyo daktari anayetumia dawa badala ya kisu anabaki na swali ambalo kifungu hakijibu waziwazi. Hakisemi ni madaktari wangapi waidhinishe. Utata huu una madhara ya kila siku: daktari mwenye hofu husubiri mpaka mgonjwa awe mahututi ndipo "uhai" usiwe na ubishi, na kwa kifafa cha mimba au uambukizo uliopanda kwenye damu, kusubiri huko ndiko kunakoua.

Je, "uhai" unaweza kubeba afya ndani yake? Wanasheria huenda London, mwaka 1938. Daktari Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari jeshi, kisha akawaarifu polisi mwenyewe ili sheria ipimwe. Jaji Macnaghten aliwaambia wazee wa baraza kwamba daktari mwenye ujuzi akiamini kwa sababu za msingi kuwa mimba ikiendelea itamwacha msichana ameharibika mwili au akili, anaweza kuhesabiwa amefanya kwa kuokoa uhai. Bourne akaachiwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Mehar Singh Bansel, ilikubaliana na njia hiyo ya kufikiri na kuzungumzia "sababu nzuri ya kitabibu". Hoja hii ina nguvu, ila ni ngao ya mahakamani. Daktari anaipata akiwa tayari ameshtakiwa. Ndiyo maana nasema tunahitaji maandishi ya Bunge, tusiendelee kukopa maneno ya jaji wa Kiingereza, hasa ukijua Waingereza wenyewe walishatunga sheria nyingine mwaka 1967.

Na Bourne huyo huyo, wenye mdahalo mzuri walitaje hili, baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea watoto walio tumboni. Aliona kesi yake inatumiwa kufungua mlango mpana kuliko aliokusudia. Pande zote mbili zina haki ya kumtaja, na zimtaje mzima.

Mimba ikishafika hatua ya mtoto kuweza kuzaliwa hai, kifungu kinabadilika: cha 219, kuangamiza mtoto, adhabu hadi kifungo cha maisha. Wiki 28 zinachukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba hatua hiyo imefika. Hata humo kuna nafuu kwa aliyefanya kwa nia njema ya kuokoa uhai wa mama.

Mwisho, Itifaki ya Maputo ya 2003, Ibara ya 14(2)(c). Inataka nchi ziruhusu utoaji mimba wa kitabibu kwa ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, na pale mimba inapohatarisha afya ya mwili au akili ya mama, au uhai wa mama au wa kijusi. Tanzania iliridhia 2007 bila kuweka pingamizi kwenye ibara hiyo. Kenya iliridhia 2010 ikaipinga ibara hiyo hiyo. Lakini kwetu mkataba hauwi sheria ya ndani mpaka Bunge liutungie sheria, na kwa ibara hii halijafanya hivyo. Matokeo yake Tanzania iliyokubali inabana zaidi ya Kenya iliyokataa. Rwanda ndiyo imeandika kwa uwazi zaidi miongoni mwa majirani: sheria ya 2018 inataja mtoto, ubakaji, ndoa ya kulazimishwa, maharimu na hatari kwa afya, na ikaondoa sharti la amri ya mahakama lililokuwa limewekwa 2012.

mkunga_wa_zamu

Nijibu lile la mwanamke anayevuja damu, kwa sababu hapo watu wanakufa bila sababu yoyote ya kisheria.

Kumtibu mtu ambaye mimba imeharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, siyo kosa, si Tanzania wala Kenya. Huduma baada ya mimba kuharibika ni huduma ya kawaida ya serikali katika nchi zote mbili, na Kenya Ibara ya 43(2) inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mhudumu mwenye dhamiri inayomkataza kutoa mimba anaheshimiwa. Dhamiri hiyo haimpi ruhusa ya kumwacha mtu anayevuja damu.

Vijana wote wazijue dalili za hatari: kulowesha pedi kubwa 2 kwa saa moja, saa 2 mfululizo, homa au kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, maumivu makali ya tumbo, hasa yakipanda mpaka begani, kizunguzungu au kuzimia. Maumivu ya begani pamoja na kuzirai yanaweza kuwa damu inayovujia tumboni, mimba iliyotunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Huyo haendi zahanati kupewa panadoli, anakimbizwa kwenye chumba cha upasuaji.

Kinachoharibika mara kwa mara ni maelezo. Binti anasema "nilianguka bafuni". Anasema hivyo kwa sababu amesikia kuhusu miaka 7. Mhudumu akiamini kuanguka, hatazami uke. Kumbe kuna kijiti, au jani, au vidonge ambavyo bado havijayeyuka. Pepopunda haiulizwi. Tundu kwenye kizazi halitafutwi. Saa 12 baadaye tumbo limekuwa gumu kama ubao. Swali linalofaa linaulizwa pazia limefungwa, mama mkwe akiwa nje: "Niambie kilichoingia mwilini mwako, kwa mdomo au kwa chini, ili nisikupe dawa isiyofaa. Sikuulizi kwa ajili ya polisi." Halafu unyamaze umsubiri.

Kwenye faili andika ulichokiona: wiki za mimba kwa hedhi ya mwisho, presha, mapigo, joto, kiasi cha damu, mlango wa kizazi umefunguka au umefunga, mabaki yapo au hayapo, ulichofanya na saa ngapi. Usiandike "ametoa mimba" kama hukuona. Kwa macho na vidole huwezi kutofautisha mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa kwa vidonge alivyomeza. Kuna wahudumu wanaoandika tuhuma kwenye faili wakidhani wanajilinda, na wanachofanya ni kutoa ushahidi wa kitu wasichokijua.

Mabaki yakiwepo na kizazi hakijazidi ukubwa wa wiki 12, kinachotakiwa ni kunyonya kwa bomba la mkono au dawa. Kukwangua kwa chuma Shirika la Afya Duniani halikushauri tena. Na kabla hajaruhusiwa azungumzwe naye kuhusu uzazi wa mpango, maana yai linaweza kupevuka ndani ya wiki 2. Wengi wanaambiwa wasubiri hedhi irudi kwanza, na wanarudi na mimba.

Tetea_Uhai_254

Nashukuru kwa vifungu, lakini wakili_pwani amepita haraka mahali ambapo sisi wengine tunasimama. Ibara ya 26(2) inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Hiyo ni kauli ya katiba, hatukuileta kutoka kanisani. Ikiwa ni hivyo, kijusi ni mtu, na kumuua mtu kwa sababu ya "afya" ya mwingine kunahitaji sababu nzito mno. Sheria ya Afya inatafsiri afya kuwa hali kamili ya ustawi wa mwili, akili na jamii. Ni mjamzito gani asiye na upungufu katika moja ya hayo? Kwa tafsiri hiyo neno "afya" linaimeza kanuni nzima, na katazo linabaki maandishi tu.

Na msiseme hatumjali mama. Mimba ya nje ya kizazi itibiwe, kifafa cha mimba kitibiwe, na kama mtoto hawezi kuokolewa, mama aokolewe. Ugomvi wetu ni kwa mimba yenye afya, mama mwenye afya, na saini iliyonunuliwa. Binti aliyebakwa anahitaji ulinzi, shule imrudishe, familia isimfukuze, na mbakaji afungwe. Kumtoa mimba hakuleti hata kimoja kati ya hivyo.

wakili_pwani

Hoja yako ya afya ni hoja halali na nisingependa ipuuzwe. Jibu langu ni kwamba Katiba haikusema "afya haijakamilika". Ilisema afya "iko hatarini". Mtaalamu anatakiwa aonyeshe hatari: ugonjwa gani, au hali gani ya akili, imepimwa vipi, na mimba inaizidishaje. Daftari lenye neno "msongo" kwa wagonjwa 40 mfululizo ni saini iliyonunuliwa, na mwendesha mashtaka anaweza kuishambulia. Daftari lenye historia ya binti aliyejaribu kujinyonga mara 2 tangu agundue mimba ni jambo lingine. Kwa hiyo usimamizi uelekee kwenye ubora wa maoni hayo.

Kuhusu binti aliyebakwa, yote uliyoyataja anayahitaji na nakubaliana nawe. Ninachopinga ni kumwambia achague: ama ulinzi, ama sauti juu ya mwili wake. Mtu anaweza kuamini kuavya ni kosa kubwa la kimaadili na bado akaona kumfunga msichana huyo miaka 7 ni dhuluma. Haya ni maswali mawili, na mdahalo ukiyachanganya hautafika popote.

Tetea_Uhai_254

Hilo la kutomfunga msichana, wengi wetu tunakubali. Afungwe anayemfanyia biashara. Kifungu cha 159 kikifutwa kesho, mimi binafsi sitaandamana. Cha 158 nitakitetea.

ibn_Vumba

Assalamu alaykum, Mwalimu. Nichangie upande wa fiqhi, maana hiyo kauli ya "Uislamu unaruhusu mpaka siku 120" imekatwa kichwa na miguu.

Asili ya hesabu ni hadithi ya Ibn Mas'ud, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo kwa Bukhari na Muslim: mwanadamu hukusanywa tumboni mwa mama yake siku 40, kisha pande la damu mfano wa hizo, kisha pande la nyama mfano wa hizo, kisha hupelekwa malaika akampulizia roho. Arobaini mara 3 ni 120. Ipo riwaya nyingine kwa Muslim inayotaja usiku wa 42, ndiyo maana wapo wanachuoni wanaosimama kwenye 40.

Baada ya roho kupulizwa, wanachuoni wanakubaliana kuwa ni haramu, na wengi wa zama hizi wanatoa nafasi ya kuokoa uhai wa mama tu. Kabla ya hapo ndipo pana khitilafu. Wamaliki kwa ujumla wanakataza tangu tone likishatua kwenye kizazi. Miongoni mwa Wahanafi wapo walioruhusu kabla ya 120 kwa udhuru. Kwa Wahanbali wapo walioruhusu ndani ya 40. Sisi wa mwambao ni Mashafii, na ndani ya madhehebu yetu kauli ni zaidi ya moja. Imamu Ghazali, naye ni Mshafii, alikataza tangu mwanzo, akasema kosa linazidi uzito kila hatua inapopanda. Kwa hiyo "makosa yana daraja" ni kauli ya fiqhi, na "ruhusa mpaka 120" kama kauli ya Uislamu mzima siyo. Umasikini peke yake haukubaliwi, aya ya 31 ya Suratul Israa inajulikana. Baraza la fiqhi la Makka mwaka 1990 liliruhusu kabla ya 120 pale jopo la madaktari waaminifu likithibitisha kijusi kina ulemavu mkubwa usiotibika, na wazazi wakiomba. Kuhusu ubakaji, mafakihi kadhaa wa zama hizi wameruhusu kabla ya roho kupulizwa, na mapema zaidi ni bora. Fatwa ya mtu mmoja inatolewa na mufti aliyesikiliza kisa chake, isichukuliwe mtandaoni.

Jambo moja la hesabu linalowapoteza hata masheikh: siku 120 zinahesabiwa tangu mimba ilipotungwa. Kliniki inahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, karibu wiki 2 nyuma. Kwa hiyo siku 120 za fiqhi ni kama wiki 19 za kadi ya kliniki. Ukisoma "wiki 17" kwenye kadi ukadhani ndiyo 120, umekosea kwa nusu mwezi, na kwa mwenye udhuru nusu mwezi ni mwingi.

Katekista_Same

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa Wakatoliki fundisho ni moja: uhai uheshimiwe tangu kutungwa mimba, na kuutoa kwa makusudi ni dhambi nzito, hata kwa nia njema. Vijana wengi hawafundishwi nusu ya pili, yaani kanuni ya tendo lenye matokeo mawili. Mama mjamzito ana saratani ya kizazi: kizazi kinaweza kuondolewa ili kutibu saratani, ingawa mtoto atakufa, kwa sababu kinacholengwa ni ugonjwa na kifo cha mtoto hakitakiwi wala siyo njia ya kumponya mama. Mimba kwenye mrija: mrija ulioharibika huondolewa. Kuhusu sindano inayomaliza mimba ndani ya mrija, wanateolojia wa maadili wenyewe hawajaafikiana. Kwa hiyo "Kanisa linataka mama afe" ni kumsingizia Kanisa.

Kuhusu adhabu: kanuni ya 1397 aya ya 2 ya Sheria za Kanisa Katoliki, kwa marekebisho ya 2021, inasema anayefanikisha utoaji mimba anajitenga na Kanisa kwa tendo lenyewe, na wanaoshiriki kwa karibu wamo. Lakini ambaye hajatimiza miaka 16 haguswi na adhabu ya kikanisa, na asiyejua bila kosa lake kwamba ipo adhabu, au aliyetenda kwa hofu kubwa, sheria inampunguzia. Na tangu Novemba 2016 Papa Francis aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuondolea dhambi hii kwenye kitubio. Asiambiwe mtu asubiri askofu.

Mwl_Horohoro

Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Moja limebaki, na najua litaulizwa: binti wa miaka 15 amebakwa jana usiku. Leo asubuhi aanzie wapi, polisi au hospitali?

mkunga_wa_zamu

Hospitali. Asioge wala asifue nguo, azifunge kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni inaozesha ushahidi. Dawa ya kuzuia VVU inaanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinafaa mpaka saa 120, mapema ni bora. Kinachelewesha yai kupevuka, na mimba iliyokwisha kujishika hakiitoi. Ukikiwahi, huenda swali lote mnalojadili hapa lisimfikie kabisa.

Fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, Tanzania ni PF3, Kenya ni P3. Kama mhudumu anasema "lete fomu kwanza", mwambieni matibabu hayasubiri fomu. Ombeni kuandikiwa jina la aliyekataa na saa aliyokataa. Penye kituo cha mkono kwa mkono, nenda hapo, polisi na daktari wako chini ya paa moja. Kipimo cha mimba kinafanywa siku hiyo hiyo na kurudiwa baada ya wiki 3 hadi 4, na tarehe ziandikwe zote mbili, kwa sababu mimba ikionekana baadaye, tarehe hizo ndizo daktari, wakili na sheikh watakazoomba kwanza.